Tumbo Linalofuata Mwezi: Kisa cha Mwanika Dagaa wa Igombe

"Mwanangu, tumbo langu linafuata mwezi."

Mama huyu aliyasema hayo akiwa ameegemea kaunta yangu, na nakiri kwamba nilitabasamu. Ukiuza dawa kando ya ziwa kwa miaka kadhaa unasikia mengi: tumbo la upepo, tumbo la kurogwa, tumbo la deni la kikoba. Lakini alikuwa anasema kweli tupu, na ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa alichokuwa akiniambia. Ameniruhusu nisimulie, jina lake tuliache hukohuko Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Ana miaka 50 na ushei. Kazi yake ni kununua dagaa wabichi mitumbwi inapotia nanga, kuwaanika, kisha kuwauza kwa gunia. Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukikaribia kujaa, dagaa hawaijali taa tena, basi mitumbwi huvutwa mchangani, watu wakashona nyavu na kulala kama binadamu wengine. Giza likirudi, kazi inarudi. Mama huamka saa tisa usiku, saa kumi yuko ufukweni, kukipambazuka ameshainama kutandaza dagaa, na kitu cha kwanza cha maana kuingia mdomoni ni ugali wa saa saba mchana.

Malalamiko yake yalikuwa moto kwenye chembe cha moyo, miezi minane sasa. Siku za mbalamwezi ana nafuu, wakati mwingine anasahau kabisa. Siku za giza anapata taabu. Alikuwa anameza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 20 kila siku, "asubuhi kabla ya kula," kama alivyoandikiwa. Alikwisha kuhitimisha mwenyewe: dawa za siku hizi ni feki.

Nikamwambia kesho yake aniletee dawa zote za tumbo alizonazo. Shikilia maneno hayo, "za tumbo", kwa sababu ndiyo yaliyonichelewesha.

Kifuko

Alimwaga kifuko cha nailoni juu ya kaunta. Kulikuwa na omeprazo, halisi kwa kila dalili ninayoijua, ya tarehe nzuri. Kulikuwa na vidonge vyeupe vya kutafuna vya magnesiamu trisiliketi, vile vinavyoacha chaki kwenye meno. Kulikuwa na ranitidini iliyosahaulika, ya dada yake, iliyokwisha muda wake zamani. Na karatasi ya maabara: kipimo cha choo cha kutafuta H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, jibu hasi.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu vya kumeza kinaishika asidi mahali tofauti, na mama alikuwa akivitumia kama vile ni kitu kimoja chenye nguvu tofauti. Kimoja kikishindwa anapanda kwenye kingine. Wateja wangu wengi hufanya hivyo, na si kosa lao, maana sisi wenyewe tunaviuza vyote kwa maelezo mamoja: "dawa ya asidi."

Asidi ya tumbo haimiminiki tu yenyewe. Hutengenezwa na seli maalumu kwenye ukuta wa tumbo, na kila seli ina pampu nyingi ndogo zinazosukuma haidrojeni nje na kuvuta potasiamu ndani. Tumbo la mtu mzima hutoa karibu lita 2 za maji yake kwa siku, na asidi iliyomo ni kali kufikia pH 1 au 2. Seli hizo husubiri kuitwa, na waitaji wakuu ni watatu. Wa kwanza ni neva itokayo kwenye ubongo, inayoanza kuita hata kwa harufu tu ya sato anayekaangwa, ikitumia kemikali ya asetilikolini. Wa pili ni gastrini, homoni inayoingia kwenye damu chakula kikifika tumboni. Wa tatu ni histamini, inayotolewa na seli jirani kabisa, na huyu ndiye mwenye sauti kubwa, kwa kuwa wale wawili nao hupitishia sehemu kubwa ya ujumbe wao kwake. Waite wote au aite mmoja, mwisho wa safari ni palepale: pampu.

Basi vile vidonge vya chaki havipunguzi utoaji wa asidi hata tone. Vinaikuta imeshamwagika, vinaizimua, na nafuu inakuja ndani ya dakika chache. Baada ya saa moja au mbili, tumbo tupu limeshaijaza upya. Mama alikuwa anatafuna hadi vinane kwa siku, na choo chake kilikuwa laini mno, jambo ambalo magnesiamu hulifanya. (Nikiwa hapohapo: anayetumia doksisaiklini (antibayotiki), vidonge vya kuongeza damu au dolutegravir (dawa ya VVU) asivimeze pamoja na dawa hizi za chaki. Zinashikamana tumboni na dawa ya maana inapita bila kuingia mwilini.)

Ranitidini ni ya ukoo mwingine. Inakaa kwenye mlango ambao histamini hubisha, ikauziba. Dawa ya kwanza ya ukoo huo kuingia sokoni ilikuwa simetidini, mwaka 1976 huko Uingereza, na James Black aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kabla ya hapo, mwenye vidonda sugu alikuwa anapasuliwa, neva inayoita asidi ikakatwa au kipande cha tumbo kikaondolewa. Ukoo huu unafanya kazi ndani ya saa moja na ni hodari usiku, wakati histamini ndiyo inayoongoza. Mchana, baada ya mlo mzito, neva na gastrini bado vina njia yao. Tena mwili huuzoea: ukimeza kila siku, ndani ya wiki moja au mbili nguvu inapungua. Ranitidini yenyewe ina tatizo lake la pekee. Ilibainika kwamba inaweza kuwa na NDMA, kemikali inayotiliwa shaka kusababisha saratani, ambayo huongezeka kadiri dawa inavyokaa, hasa kwenye joto. Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020. Ile ya dada niliibakiza kwangu. Famotidini, ndugu yake, haina kasoro hiyo.

Omeprazo ndiyo iliyonivutia, kwa sababu ndiyo aliyosema ni feki. Iliingia sokoni Ulaya mwaka 1988 na inashika pampu yenyewe, kwa hiyo haijali ni nani kaita. Lakini njia yake ni ya kuzunguka. Asidi ikiipata kabla ya wakati huiharibu, ndiyo maana ndani ya kapsuli kuna chembe zilizovikwa ganda, zisizotakiwa kusagwa wala kutafunwa. Hupita tumbo, ikafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu, kisha ikairudia ile seli ya asidi kwa mlango wa nyuma. Ikifika kwenye kijimfereji ambamo pampu zinamwaga asidi, asidi hiyohiyo ndiyo inayoibadilisha kuwa dawa kamili, nayo inaganda kwenye pampu na haibanduki tena. Seli haina budi kutengeneza pampu mpya. Ndiyo sababu kapsuli moja inashikilia siku nzima ingawa dawa yenyewe imekwisha kwenye damu ndani ya saa chache.

Hapo ndipo penye mtego. Tumbo likiwa limepumzika, pampu nyingi zimevutwa ndani ya seli, hazifanyi kazi, na pampu isiyomwaga asidi haikamatiki. Chakula ndicho kinachozitoa nje. Nilitafuta namna ya kumwambia mama, nikaona iko dirishani.

"Mama, hii kapsuli inakamata mitumbwi iliyo majini tu. Iliyovutwa mchangani inaipita."

Alinyamaza kidogo. "Na mimi naimeza saa kumi alfajiri."

"Na unakula?"

"Saa saba." Akacheka kwa sauti. "Kumbe naituma doria wakati mitumbwi yote iko mchangani!"

Siku za mbalamwezi alikuwa nyumbani, anameza kapsuli akiamka, nusu saa baadaye anakunywa chai na viazi. Siku za giza dawa ilikuwa inatoka kwenye damu saa kadhaa kabla ya mlo kuziita pampu. Maelekezo "asubuhi kabla ya kula" yaliandikwa kwa mtu anayeamka na kunywa chai, si kwa mtu anayesubiri mitumbwi. Nilimpangia upya: abebe michembe au uji, ale saa moja asubuhi hukohuko ufukweni, na kapsuli iwe nusu saa kabla ya hapo. Nikamtahadharisha kwamba dozi ya kwanza hukamata sehemu tu ya pampu na nguvu kamili huja baada ya siku tatu hadi tano.

Kuna dawa mpya zaidi, vonoprazan, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2015, inayoikaba pampu mahali potasiamu inapoingilia bila kusubiri asidi iiamshe wala mlo uziite pampu. Ingemfaa sana mtu wa ratiba kama hii. Kwenye rafu yangu haipo.

Nilichokosea

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Kisa kilikuwa kimekaa vizuri mno: mwezi, mlo, pampu. Nilimsimulia hata mwenzangu wa zamu kama mtu aliyeokota almasi ya Mwadui.

Giza lililofuata mama alirudi. Siku nne za kwanza zilikuwa nzuri, kisha moto ukarudi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumshuku yeye. Nikamhoji kama kweli anakula saa moja, akanitajia mpaka jirani anayemgawia michembe. Wakati anaongea aliweka mkono kiunoni, akajinyoosha kwa maumivu.

"Mgongo nao?"

"Huo ni wa kazi. Nikibeba mabeseni siku mbili tatu nameza vidonge vyake unatulia."

Diklofenaki ya miligramu 50, mara tatu kwa siku, kila giza, kwa zaidi ya mwaka. Nikamuuliza mbona haikuwemo kwenye kifuko.

"Uliniambia nilete dawa za tumbo, mwanangu. Hiyo ni ya mgongo."

Sikuwa na jibu, wala sina leo.

Tumbo haliungui kwa asidi yake lenyewe kwa sababu lina ute na baikaboneti, chumvi inayozimua asidi, vinavyolifunika, na damu ya kutosha inayolihudumia. Vitu hivyo husimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki huondoa maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na haichagui: inazizuia mgongoni, inazizuia na tumboni. Prostaglandini pia huituliza ile seli ya asidi isiitikie histamini kupita kiasi. Kwa hiyo kinga inapungua na breki nayo inalegea kwa wakati mmoja. Kuimeza pamoja na chakula hakuponyi hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yanapitia kwenye damu. Wapo wanaolazimika kutumia dawa hizi na daktari huwakinga kwa omeprazo, na inasaidia kweli. Famotidini kwa dozi ya kawaida haikingi tumbo vizuri dhidi yake. Ipo pia misoprostoli, ambayo ni prostaglandini ya kutengenezwa: inarudisha kinga na kupunguza asidi, lakini huendesha tumbo na hubana mji wa mimba, basi hiyo ni ya mkono wa daktari peke yake.

Nikiulizwa leo kipi kilikuwa na uzito zaidi, nasema diklofenaki, bila kusita. Saa ya kapsuli lilikuwa kosa la kweli, lakini lisingetosha peke yake kumweka mtu kwenye moto miezi minane. Hata anayeimeza ovyo, asidi yake hupungua kiasi. Tatizo ni kwamba vyote viwili vilikuwa vinafuata mwezi uleule. Giza lilileta kazi, kazi ikaleta njaa na mgongo kwa pamoja, na mimi nikaiona njaa kwa sababu ilikuwa na maelezo ya kuvutia zaidi.

Ndipo nikauliza swali ambalo lilistahili kuwa la kwanza siku ile ya kwanza: choo kikoje? Akafikiri. Kilikuwa cheusi mara mbili giza lililopita, cheusi kama lami, cha kunata. Hakuwa anatumia vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hufanya choo kuwa cheusi. Hiyo ni damu iliyopikwa na asidi, na hapo kazi ya kaunta imekwisha. Nilimwandikia barua ya rufaa palepale, nikamsimamishia bodaboda.

Kamera

Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya kutokisia. Aliyekulia ziwani amekanyaga maji yenye kichocho tangu utotoni, na kichocho cha tumbo, kikikaa miaka, hukaza mishipa ya damu ndani ya ini. Shinikizo linarudi nyuma, na mishipa ya chini ya koo la chakula inavimba mpaka inapasuka. Mtu wa namna hiyo anatapika damu au anapata choo cheusi, anaambiwa ana vidonda vya tumbo, anapewa kapsuli. Dawa ya asidi haizuii mshipa uliovimba kupasuka. Mshipa huo unahitaji kufungwa kwa kamera inayoshushwa tumboni kupitia mdomoni, au dawa za kushusha shinikizo. Kwa macho ya nje, na hata kwa simulizi, wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kabisa.

Kamera ilionyesha mishipa iko salama. Kulikuwa na kidonda kimoja kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, kisichovuja tena siku hiyo. Daktari alichukua vipande vidogo vya nyama sehemu ya chini na ya juu ya tumbo, na darubini ikawakuta H. pylori.

Ile karatasi ya maabara ilisema hasi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipitisha tu, na hapo nina lawama nyingine, maana nilikuwa nimeshaona omeprazo juu ya kaunta ileile. Omeprazo haiwaui bakteria hawa lakini huwapunguza na kuwahamisha kutoka sehemu ya chini ya tumbo, kiasi kwamba kipimo cha choo kinaweza kuwakosa. Inatakiwa iachwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4. Mama alikuwa amemeza kapsuli asubuhi ya siku aliyopeleka choo, na hakuna aliyemuuliza. Kipimo cha damu cha kingamwili hakidanganywi na omeprazo, ila kina udhaifu wake: kinaweza kubaki chanya miaka mingi baada ya mtu kupona.

Tiba ilikuwa siku 14 za omeprazo, amoksisilini na klarithromaisini, zote mara mbili kwa siku. Watu huniuliza kwa nini dawa ya asidi inaingizwa kwenye kuua bakteria. Ni kwamba klarithromaisini huharibika kwenye asidi kali, na amoksisilini huua bakteria anayezaliana tu. Asidi ikiwa kali H. pylori hujificha bila kuzaliana. Ukishusha asidi wanaamka, na amoksisilini inawakuta. Safari hii dozi ya pili tuliiweka nusu saa kabla ya mlo wa jioni. Diklofenaki ikakoma, mgongo ukabaki na parasetamo, na mwanawe akanunua toroli la kubebea mabeseni, ambalo kwa maoni yangu limefanya kazi kuliko nusu ya rafu zangu.

Sehemu ngumu ilikuja mwishoni. Ili kujua kama bakteria wamekwisha, kipimo hurudiwa si chini ya wiki 4 baada ya antibayotiki, na wiki 2 kabla yake ziwe bila omeprazo. Na ukiiacha ghafla baada ya miezi ya matumizi, tumbo hulipiza. Muda wote pampu zilipokuwa zimefungwa, gastrini ilikuwa ikipanda kwa kuona asidi haba, na zile seli za histamini zikanenepa. Kizuizi kikiondoka, sauti inakuwa kubwa kuliko zamani, na mtu anapata kiungulia cha siku kadhaa au wiki chache, akaamini hawezi kuishi bila kapsuli. Nafikiri nusu ya wanaomeza omeprazo miaka na miaka hapa mjini walianza utumwa wao hivyo. Na utumwa huo una gharama: vitamini B12 na magnesiamu vinaweza kupungua mwilini, na kwa mtu anayekunywa maji ya ziwa kuna jingine, kwamba asidi ni mlinzi anayeua vimelea vingi njiani, kipindupindu kikiwa kimojawapo.

Kwa hizo wiki 2 dawa zilizodharauliwa zilipata kazi yake. Famotidini usiku, kwa kuwa ukoo huo hausumbui sana kipimo cha choo, na vidonge vya chaki mchana akizidiwa. Zilikuwa wiki za giza, kwa bahati mbaya. Alinipigia mara tatu, mara ya tatu kunitukana kistaarabu. Siku ya tisa moto ukashuka.

Kipimo kilirudi hasi, na safari hii hasi hiyo ilikuwa na maana. Amepita giza tatu sasa bila kapsuli. Anakula saa moja asubuhi, si kwa ajili ya dawa tena, ila anasema amegundua njaa ilikuwa inamfanya awapunje wateja.

Famotidini zilibaki nane. Nilimwambia azirudishe, dawa si kitu cha kuweka akiba. Akasema amezifunga vizuri, ni za dada yake, maana nilimnyang'anya zile za zamani.